Mizinga ya Bradha

Jumatano, 5 Juni

Zege tangu asubuhi. Ukungu umekataa kuondoka mpaka karibu mchana. Mchanga umelowa, mzito, koleo linashika chini kama limekamatwa na mtu. Nyapara kapita na koti lake la manyoya, mikono mifukoni, akasema tunazembea. Anayezembea ni nani.

Tunajenga loji nyingine. Wageni watalala usiku mmoja, asubuhi wapande Ngorongoro kuona faru, kisha basi. Bafu la chumba kimoja ni kubwa kuliko chumba ninachopanga mimi. Nalijua, nimelimwagia sakafu.

Keshokutwa Sabina na Yustina wanafika. Likizo ya Juni. Mwaka mzima nimengoja hili. Yustina ana miaka kumi na tatu na ananijua kwa simu tu, mama yake anapomlazimisha: "Msalimie baba." Anasalimia. Simu inarudi kwa mama.

Safari hii nina kitu cha kumpa. Boay, fundi mwashi, mzaliwa wa huku, ameniambia kwenye kigango chao cha juu, pale mashamba yanapogusa msitu, kuna kinanda cha mabomba. Bradha mmoja Mzungu, mtawa wa misheni, alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za mtarakwa, zamani sana. Nimemuuliza tena na tena. Cha mabomba kweli? Cha mabomba. Alikiona akiwa mtoto.

Wenzangu wanafuata mpira. Mimi nafuata vinanda. Nimekulia nyuma ya kanisa la misheni, upande wa Songea, na ile sauti ilikuwa inapita ukutani inanikuta kitandani. Siwezi kupiga hata wimbo mmoja. Shule niliishia darasa la tano. Lakini kila kibarua kiliponipeleka nimetafuta kanisa lenye kinanda, nikakaa benchi la nyuma, nikasikiliza. Tanga. Moshi. Dar mara mbili. Yustina hajawahi kukisikia. Wao wanakaa kwa wakwe zangu, Namtumbo, na misheni ni mbali.

Mwaka huu atakisikia, na mimi nimekaa kando yake. Sitaki kingine.

Ijumaa, 7 Juni

Wamefika. Siku mbili barabarani. Sabina kashuka anatetemeka, kajifunga vitenge viwili. "Baba Yusta, mbona hukusema huku ni friji?" Kaleta dagaa wa Nyasa mfuko mzima, chumba kizima kinanuka nyumbani.

Yustina amerefuka. Shikamoo baba. Marahaba. Ikaishia hapo. Kakaa kwenye ndoo karibu na mlango, waya masikioni, anatikisa kichwa. Nikamwambia kuhusu kinanda. Akatoa waya mmoja, akasema, "Kama cha kwaya?" Nikasema hapana, hiki kinapumua. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mlevi anayehubiri stendi.

Atajua Jumapili.

Jumapili, 9 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tumepanda asubuhi kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo. Sabina hakulalamika. Yustina alilalamika kwa wote wawili. Kanisa ni la mawe, zuri, dogo. Nikapiga ishara ya msalaba macho yakiwa tayari nyuma juu, kwenye roshani. Kabati la kinanda lipo. La mtarakwa, jekundu, limechongwa mizabibu.

Misa ikaanza, ikalia ile takataka ya umeme. Imewekwa mbele, juu ya kiti cha plastiki. Kijana anabonyeza kitufe, ngoma inajipiga yenyewe, yeye anatazama pembeni. Utukufu kwa Mungu juu ukaenda kwa mdundo wa harusi. Yustina ndipo alipofurahi. Alipiga makofi.

Baada ya misa nikapanda roshani, ruhusa sikuomba. Nikafungua kabati. Ndani: ndoo ya kudekia, fagio mbili, vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na panya, pango la Krismasi limefunikwa gunia. Hakuna bomba. Hata moja. Matundu tu, yamepangwa safu, kama fizi za mzee.

Nikashuka kwa katekista. Mtu mpole, ana miwani iliyofungwa waya. Nikamuuliza mabomba yako wapi. Akasema mabomba gani. Nikasema ya kinanda, ya mbao, marefu, yana mdomo.

"Aaa," akasema. "Unasema mizinga ya Bradha!"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Bradha alikuwa anafuga nyuki pia. Alipokufa, kinanda kikakaa bila mpigaji miaka na miaka. Wazee waliokijua wakafa mmoja mmoja. Siku kamati ilipofanya usafi wa roshani, wakakuta masanduku marefu ya mbao, kila moja lina upenyo chini wa kuingilia nyuki. Watu wa huku wakiona sanduku refu lenye upenyo wanaona mzinga. Wakasema, marehemu alituachia mizinga. Wakaishusha, wakaiuza kwenye mnada wa mavuno hapo nje ya kanisa. Kati ya jogoo na debe la mahindi, kasema mwenyewe, na anacheka.

"Na vile vibomba vya bati, vidogo?"

"Hivyo watoto walivichezea vikaisha."

Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Kamati nzima. Padre alikuwepo, akabariki mnada. Kinanda kimeuzwa kama kuku, na wanajisifia usafi.

Njiani Yustina alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, nyuki wanaimba kwaya!" Sabina naye akageuza uso, mabega yanatikisika. Nikawaacha nyuma mpaka nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni

Zege. Hasira haijapungua.

Nimemwambia Lemayani, ninayebeba naye ndoo. Yeye ni wa Ololosokwan, ambako malisho yao yamefanywa hifadhi, ng'ombe wake wachache wako kwa kaka yake. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nalilia malisho, wewe unalilia filimbi." Wote wakacheka. Nikamwaga maji kwenye saruji kupita kiasi, nyapara akaniona.

Nimepata jina. Boay, naye hakujua mizinga ile ndiyo mabomba, kasema aliyenunua mingi ni Mama Tluway, mjane, anakaa mwisho kabisa wa kijiji, ukingoni mwa msitu. Ana nyuki wengi kuliko ndugu.

Jumapili, 16 Juni

Leo ilikuwa zamu ya Sabina kuchagua. "Wiki iliyopita nimeonyeshwa ndoo ya kudekia. Leo nataka faru." Siku nyingine ningemlaumu, lakini ana haki.

Tukapanda gari la abiria mpaka karibu na geti la Ngorongoro. Kavaa kitenge cha sikukuu, kapika chapati, kabeba chai kwenye chupa. Askari wa getini alikuwa mwungwana. Akasema kiingilio cha Mtanzania si tatizo, gari lenu liko wapi? Sabina akasema tutatembea. Askari akacheka, halafu akaona hatutanii. "Mama, humo kuna nyati. Bila gari haiwezekani."

Kwa hiyo tukakaa kando ya barabara kutazama magari ya watu wengine yakiingia. Wageni wamesimama, vichwa vimetoka juu ya paa. Mmoja akatupungia mkono. Mmoja akatupiga picha. Watatupeleka kwao tukiwa wanyama wa kwanza waliowaona.

Miaka minne nipo chini ya mlima huu. Nimemwaga sakafu za vyumba vyao, nimebeba mawe ya kuta zao. Kreta yenyewe, lile bonde la wanyama, sijaiona hata kwenye dirisha. Wiki iliyopita tuliweka dirisha kubwa kama ukuta ili mgeni aone msitu akiwa anaoga.

Nyani akaja akachukua mfuko wa chapati mapajani kwa Sabina, taratibu, kama mwenye nyumba anayechukua kodi. Yustina akapiga ukelele. Sabina akamtazama nyani anavyokula, akasema, "Angalau mmoja wetu ameingia." Tukacheka kidogo, sote watatu. Ni mara ya kwanza tangu wafike.

Kesho ni Idi. Kazi hakuna. Nakwenda kwa Mama Tluway.

Jumatatu, 17 Juni

Naandika kwa jicho moja. Lingine limefunga.

Nilikwenda na Yustina. Sabina alikataa, anafua. Mama Tluway ni mwanamke mwembamba, mrefu, kavaa koti la mwanamume na buti. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akatukaribisha vizuri, akamwita Yustina mwanangu, akampa maziwa mgando. Mimi nikakataa kukaa. Hapo ndipo nilipoanza vibaya.

Kwa sababu nilikuwa nimeshayaona mabomba. Yametundikwa kwa waya kwenye miti, nyuma ya nyumba mpaka msituni. Moja refu kuliko mimi. Juu kaziba kwa ubao na kinyesi cha ng'ombe. Nyuki wanaingia na kutoka pale mdomoni, pale hasa sauti inapotakiwa kutokea. Bomba la besi, limetundikwa mtini, linachuruzika nta.

Nikapaza sauti. Nilimwambia kanunua mali ya wizi. Nilimwambia kamtundika Mungu mtini. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Aliendelea kupukuchua. Akasema, "Kaka, mimi nilinunua mizinga. Mchana kweupe, mbele ya padre. Kama ni kinanda, mbona nyuki wameingia?"

Nikasema yateremshwe.

"Teremsha. Wao ndio wenye nyumba, ongea nao."

Nami nikaenda. Mtu mzima, nina hasira, nimeshika ngazi yake mwenyewe. Niliweka mkono kwenye lile refu. Linatetemeka. Ndani linanguruma, chini kabisa, kama nilivyokuwa nasikia kifuani utotoni. Nikasahau kilichonileta. Nikaegemeza sikio.

Wakanishukia.

Mama Tluway ndiye aliyenivuta kwa mkanda wa suruali, akanifukizia moshi, akanitoa miiba kwa ukucha huku anaongea Kiiraqw, nadhani si sala. Yustina alilia. Safari hii hakucheka.

Jumatano, 19 Juni

Uso umekuwa kiazi. Nyapara kauliza kama nimeoa nyuki. Karudia hivyo kwa kila aliyepita. Ningekuwa na jicho la pili ningemwonyesha.

Jioni Sabina akaongea. Alingoja Yustina atoke kwenda bombani. "Mtoto amesafiri siku mbili kumwona baba yake. Baba anaona mbao. Ulimpigia kelele mjane nyumbani kwake, mbele ya mtoto, na ulikuwa umeshapewa kiti. Nimeona aibu na sikuwepo."

Nikasema hajui nilichopoteza. Akasema, "Najua ulichopoteza. Unakaribia kupoteza kingine."

Nikazima taa. Nimelala nimeelekea ukutani, upande usiouma.

Jumamosi, 22 Juni

Nimetoka kazini, nyumbani sijakuta mtu. Nimekasirika. Kumbe wamepanda juu kwa Mama Tluway wenyewe, bila kuniambia. Kumwombea msamaha mume kama mtoto aliyevunja kioo!

Wamerudi jua likizama. Sabina alipeleka dagaa wa Nyasa, nusu ya mfuko. Huombi radhi mikono mitupu, kasema. Mama Tluway hajawahi kuwaona dagaa wa aina ile, akauliza kama ni chakula cha nyuki. Wamekaa naye mchana wote, wamepika. Wamerudishiwa asali kopo zima, nyeusi, ina harufu ya mtarakwa.

Nilikuwa najiandaa kuendelea kukasirika. Yustina akaja akakaa karibu nami. Hakuwa na waya masikioni.

"Baba, lile ulilosema lina mdomo, huwa lina mguu? Kama shingo ya chupa, hivi, chini?"

Nikasema ndiyo.

"Analo jingine jikoni. Dogo. Nyuki walilikataa, jembamba. Anapulizia moto."

Anapulizia moto. Wa ugali.

Nikauliza halilii? Akasema naye alimuuliza hivyo hivyo. Mama Tluway kasema lilikuwa linapiga kelele, linamwamsha mjukuu. Akaliziba mdomo kwa nta.

Hapa nilitaka kupasuka. Kisha nikamtazama mtoto. Alikuwa amekwenda jikoni kwa mtu akaitafuta sauti. Mwenyewe. Sikupasuka.

Jumapili, 23 Juni

Tumepanda wote watatu. Nilitangulia mimi, nikasema maneno yangu kabla ya kukaa. Mama, nilikukosea, nisamehe. Akatazama uso wangu, ambao bado una vilima. "Nyuki walishakusamehe," akasema. "Wangekuwa hawajakusamehe ungekuwa umekufa. Kaa."

Nikakaa. Nikanywa maziwa.

Bomba liko kando ya mafiga. Urefu wa mkono wangu, pembe nne, jeusi kwa masizi upande mmoja. Nikaligeuza. Kazi safi mno. Mtu aliyetengeneza hili alipiga randa kama anampapasa mtoto. Na limepulizia moto miaka yote, na bado halijapasuka. Nilijaribu kukasirika, nikakasirika kidogo. Lakini mama wa watu alihitaji kipulizio. Waliosahau ni wengine.

Akampa Yustina kisu kidogo. "Toa nta. Usikwangue mbao." Yustina akatoa taratibu, ulimi umetoka pembeni, vipande vinaanguka mapajani. Akaweka mguu wa bomba mdomoni, akapuliza kama anapuliza moto. Hewa tu. Akajaribu kwa nguvu, likapiga yowe, kuku wakatawanyika, Sabina akaziba masikio.

Nikasema polepole. Kama unapuliza chai.

Likalia.

Sauti moja. Nyembamba, imenyooka, haitetemeki. Ikajaa jikoni lile la udongo mpaka kwenye nyasi za paa. Yustina akaacha, akatutazama, akapuliza tena mpaka pumzi ikamwishia. Mama Tluway kaweka mkono shavuni. "Kumbe lilikuwa linasema," akasema, "mimi nikadhani linapiga kelele."

Yustina akauliza, "Kwenye kinanda yako mangapi?"

"Mengi. Makubwa kuliko mlango, madogo kuliko kalamu."

"Yakilia yote pamoja inakuwaje?"

Nikafungua mdomo. Miaka yote nimesikiliza. Nikasema sijui kusema. Akaitikia kwa kichwa, kama nimemjibu.

Aliomba bomba. Mama Tluway akakataa papo hapo. "Na mimi nitapuliza na nini?" Nikasema nitamletea jingine. Akasema leta kwanza.

Jumanne, 25 Juni

Nimeomba kipande cha bomba la maji kilichobaki kwenye lile bafu kubwa kuliko chumba changu. Nyapara kauliza la nini. Nikasema la kupikia ugali. Kanipa kwa mshangao. Nimepanda jioni kwa kukimbia, nikabadilishana. Mama Tluway kalijaribu, moto ukashika. Amesema halina adabu ya lile la mbao lakini litafaa.

Alhamisi, 27 Juni

Wameondoka na basi la alfajiri. Yustina kalifunga bomba kwenye sweta, kalipakata. Utingo akataka liingie buti pamoja na mizigo. "Hili ni la Bradha," Yustina akamwambia, na hakuliachia. Utingo hakuelewa, akamwacha.

Sabina kanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Amesema mwakani nitafute nyani mwenye adabu.

Chumba bado kinanuka dagaa.

Jumapili, 30 Juni

Nilikwenda kwa katekista. Nilitaka kamati iandike japo kibao: hapa palikuwa na kinanda. Watu wajue kilikuwa nini. Kasema ataliweka kwenye ajenda. Anasema hivyo huku anafungua kabati kuchukua fagio.

Sijawasamehe. Mama Tluway nimemsamehe, au yeye mimi. Hawa bado.

Jumapili, 14 Julai

Baridi. Sikwenda popote asubuhi, nimefua.

Simu imelia mchana. Nikasema haloo Sabina. Hakuwa Sabina. Yustina, kapiga mwenyewe. Wako misheni, ile niliyokulia nyuma yake. Alimsumbua mama yake wiki mbili mpaka wakapanda basi. Alikaa benchi la nyuma. Baada ya misa alimwomba mpiga kinanda ampandishe roshani, akalipuliza bomba lake, mzee huyo anabonyeza vibao kimoja kimoja kutafuta sauti inayolingana nalo.

"Halilingani na lolote, baba. Liko katikati ya mawili. Mzee anasema ni moshi wa jikoni."

Nikasema inawezekana.

"Ameniambia nikae hapa hapa, atapiga yote. Subiri."

Nikasubiri. Nilisikia viatu kwenye mbao, kiti kinavutwa. Kisha ikaja. Mtandao ulikuwa unaikatakata, inafika vipande vipande, lakini niliijua. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo, ileile ya mlangoni. Yeye kule roshani, mimi huku baridini. Tulikaa hivyo mpaka salio lake likaisha.

Nguo zimekauka. Nimezianua. Kesho ni zege la juu.